Gari la kuvuta au jenereta yenye matairi?

Wadau, najua nimekuwa kimya. Kuna mmoja kaniandikia akiuliza kama nimeacha uandishi nimehamia kwenye biashara ya dagaa. Bado, mkuu. Kazi zilinibana, na kwa kweli habari hii nimekaa nayo muda mrefu nikiona aibu kuiandika. Nani hapa Bongo ana shida na pikapu ya haibridi inayovuta nyumba ya matembezi? Si watasema huyu kaenda Marekani mara moja tu, sasa hatupumui?

Lakini wiki iliyopita mshikaji wangu aliyeko Dallas kanipigia simu. Anataka kununua pikapu ileile aliyonunua binamu yangu, kavutiwa na namba ileile, na ana watoto watatu. Tumeongea dakika arobaini. Nilipokata simu nikaona bora niandike kabisa, maana ndugu zetu walioko kule ni wengi, na wakishapata nafasi kidogo ya kupumua wananunua nini? Pikapu. Na mwaka unaofuata wananunua tela.

Nianze na binamu yangu. Mimi namwita Kaka tu, kanizidi miaka tisa. Huyu bwana alianza maisha kama utingo wa lori, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Leo anaendesha malori makubwa Texas, anaishi nje kidogo ya Houston na shemeji na watoto wao wawili. Februari 2021 ile baridi kali ilipoipiga Texas, umeme ukakatwa kwa mamilioni ya nyumba. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246. Kuna watu walikufa kwa kuwasha gari ndani ya gereji ili wapate joto, hewa ya sumu ikawamaliza wamelala. Kaka na familia yake walikaa siku tatu wamejifunika mazulia. Shemeji anasema mtoto mdogo alikuwa anauliza kama Bongo nako kuna giza, akajibiwa Bongo kuna giza lakini angalau hakuna barafu.

Siku zilezile Ford wakawaomba mawakala wao wa Texas waazimishe watu zile pikapu mpya za F-150 zenye jenereta ndani yake. Kaka akaiona habari hiyo kwenye simu, simu yenyewe ikiwa na chaji asilimia nne. Hapo ndipo moyo wake ulipoenda.

Gari lenyewe ni F-150 PowerBoost, lilianza kuuzwa kama toleo la 2021. Ndani yake kuna injini ya V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili, halafu kati ya injini na gia wameweka mota ya umeme ya kilowati 35. Vyote kwa pamoja vinatoa nguvu za farasi 430. Betri yake ni ndogo sana, kilowati-saa 1.5 tu. Na nyuma kwenye bodi kuna soketi. Ukichukua la kawaida unapata kilowati 2.4. Ukiongeza dola 750 kwa bei za wakati ule, unapata kilowati 7.2, pamoja na soketi kubwa ya volti 240. Kaka aliongeza. Kaka si mjinga.

Alipoenda kununua, muuzaji hakumwongelesha soketi hata kidogo. Alimwongelesha kuvuta. Gari hili linavuta ratili 12,700, yaani kilo 5,760! Kuanzia siku hiyo namba hiyo ikawa wimbo nyumbani. Mwaka wa tatu akanunua tela ya futi 26: vitanda, jiko, choo, kiyoyozi juu ya paa, kila kitu. Tela tupu kilo 2,676. Mtu unavuta nusu tu ya uwezo wa gari, wasiwasi wa nini?

Agosti 2024 nikawa nimekwenda kuwasalimia. Mpango ulikuwa twende Big Bend, hifadhi iliyoko kwenye kona ya Texas inayopakana na Mexico, kama kilomita 950 kutoka kwake. Tukapakia. Mimi niliyezoea kupakia daladala nilishangaa vitu vinavyoingia kwenye tela: baiskeli nne, mkaa, viti, godoro la ziada la huyu mgeni wenu, na tangi la maji limejazwa pomoni, lita 150, kwa sababu shemeji haamini maji ya njiani. Baiskeli zikafungwa nyuma kabisa. Tangi nalo liko nyuma.

San Antonio tukaipita salama. Baada ya hapo barabara kuu namba 10 inaanza kupanda na kushuka vilima, na mwendo unaoruhusiwa unafika maili 80 kwa saa. Sisi tulikuwa kwenye 72. Karibu na mji mdogo unaoitwa Junction, tunateremka, lori kubwa likatupita upande wa kushoto. Kwanza upepo wake ukatusukuma, halafu ukatuvuta. Tela ikaanza kutingisha mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Nikaiona kwenye kioo cha pembeni, nzima nzima, nyumba nyeupe inachungulia upande wangu kisha inapotea na kutokea upande wa Kaka. Mtoto mkubwa akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ba'mdogo, tunaanguka?"

Sikumjibu. Sikuwa na jibu.

Kaka hakukanyaga breki. Hilo ndilo lililotuokoa, na ni mambo ya kujifunzia kwenye malori. Aliachia mafuta, akashika usukani umenyooka, akabana kile kiswichi kidogo kinachofunga breki za tela peke yake, mpaka nyumba ikajivuta nyuma na kutulia. Sekunde sita, saba. Tukasimama pembeni, shemeji akashuka akaenda kukaa kwenye majani, hakutaka kuongea na mtu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana huu ndio utamu wenyewe wa habari. Kaka anapima lori lake kila siku kwenye mizani. Ni kazi yake. Enzi za utingo alikuwa anajua kila mbinu ya kupita mizani na kila mzani unaokataa mbinu. Lakini gari lake mwenyewe, lililobeba mke wake na watoto wake, hajawahi kulipima hata siku moja. Nilipomuuliza alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajafika kwenye msiba wa baba yake.

Tukatambaa mpaka kituo cha malori, tukapima. Tela na mizigo yake: kilo 3,300. Kwenye ndoano ya gari kulikuwa na mzigo mdogo mno, chini ya asilimia tisa ya uzito wa tela. Kwa matela ya aina hii inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15, maana tela ambayo kichwa chake ni chepesi na mkia ni mzito ni pendulamu inayosubiri kusukumwa. Tulichofanya sisi ni kuweka maji na baiskeli mkiani na kwenda kutafuta wa kutusukuma.

Dawa rahisi, si ndiyo? Hamisha mzigo mbele. Hapo ndipo gari lenyewe linapokukatalia.

Fungua mlango wa dereva wa gari lolote la Marekani utakuta kibandiko chenye maandishi ya njano na nyeupe. Kinakuambia uzito wa abiria na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi gani. Cha Kaka kinasema ratili 1,420. Kilo 644. Hakuna muuzaji anayekupeleka kukisoma, ingawa kiko pale mlangoni, unakipita kila unapopanda. Na ule uzito wa tela unaokaa kwenye ndoano unahesabiwa humo humo, kama vile ni abiria.

Tukakaa kwenye meza ya kituo cha malori, mimi na kalamu. Asilimia 13 ya kilo 3,300 ni 429. Vyuma vya ndoano vinavyosawazisha uzito, 40. Kaka 95, shemeji 75 (kanikatazia kuandika, samahani shemeji), watoto 40 na 25, mimi 70. Jumla 774. Tumezidi kwa kilo 130, na bado hatujaweka chupa ya soda ndani ya gari. Kumbuka hapo tunavuta tela ambayo haifiki hata asilimia 60 ya ile namba ya muuzaji.

Na haibridi ndiyo inachangia. Betri, mota na vifaa vya kubadili umeme vyote vina uzito, na uzito huo unatoka kwenye kile unachoruhusiwa kubeba. Kila anasa unayoongeza nayo inakula humo humo, paa la kioo, viti vya umeme. Pikapu ya bei mbaya inaweza kuruhusiwa kubeba kidogo kuliko pikapu ya mkulima. Ile namba ya kilo 5,760 si uongo. Ni kweli kwa muundo fulani wa gari wenye vifaa fulani. Ila ni kweli ya mtu anayesafiri peke yake, mwembamba, hana watoto.

Big Bend hatukufika. Kaka alitoa maji yote, akahamisha vitu, na bado tulikuwa tumezidi kwa kilo zinazokaribia themanini. Akaniangalia, akaangalia watoto, akampigia simu dereva mwenzake ambaye ana shamba hapo Junction, kilomita kama ishirini. Tukaenda kwa mwendo wa bibi harusi. Shambani hakuna nguzo ya umeme wala nyumba, kuna mti na kisima. Joto nyuzi 38.

Na hapo, jamani, lile gari ambalo nilikuwa nimeshalichukia likanibadilisha mawazo.

Kaka alilitenga gari na tela, akaligeuza ili bomba la moshi liangalie upande wa upepo unakokwenda na si dirisha la watoto. Akachomeka waya, akabonyeza kioo. Kimya. Kiyoyozi cha paa kikaanza kunguruma, friji ikawaka, shemeji akaweka chakula kwenye maikrowevu. Injini ya gari haikuwaka kwanza, betri ndiyo ilikuwa inalisha. Baada ya muda ikawaka yenyewe, ikazunguka, ikajaza betri, ikazima. Usiku mzima hivyo. Nililala nje kwenye kiti kwa sababu ya mbu na udadisi, nikawa nasikia: injini inaamka, inanong'ona, inalala. Mliolala jirani na duka lenye jenereta ya Kichina mnajua ninachosema. Jenereta ya kawaida inaunguruma vilevile hata kama inawasha taa moja ya choo. Hii inajua kupumzika. Ile betri ndogo ninayoidharau kwenye kuvuta, huku ndiyo mchawi wa mambo yote.

Mafuta? Ford wanasema kwa mzigo kamili wa kilowati 7.2 tangi la lita 116 linakwenda saa 32. Piga hesabu, ni kama lita tatu na nusu kwa saa. Sisi hatukuwa na mzigo huo. Usiku wa kwanza, kiyoyozi kikifanya kazi mpaka alfajiri, kioo kilionyesha tumekula kama lita nane. Bei ya chumba cha hoteli hapo Junction sikuiuliza, lakini haiwezi kuwa lita nane za petroli.

Ila na hapa kuna mambo ya kuambiana, maana nako watu wanaimba namba. Ile soketi kubwa ya volti 240 kwa ndani ni njia mbili za volti 120. Tela ya kawaida ya ampia 30 inatumia njia moja tu. Kwa hiyo kati ya kilowati 7.2 ulizolipia, tela yako inaweza kunywa 3.6. Kiyoyozi kimoja na maikrowevu, imetosha, ukiwasha na birika la umeme unatafuta ugomvi. Matela makubwa ya ampia 50 yenye viyoyozi viwili ndiyo yanatumia njia zote mbili, lakini hayo sasa ni mazito, unarudi kwenye kibandiko cha mlangoni.

Na kuna hili ambalo hakuna tangazo litakuambia: gari lako likiwa ndilo jenereta yako, ukienda dukani umeondoka na umeme. Siku ya pili Kaka akataka kwenda kununua barafu. Shemeji akamuuliza hivi, barafu ya nini wakati friji inafanya kazi? Kaka akasema ya soda zake. Akaambiwa soda za moto zina faida mwilini. Hakwenda. Mwenye jenereta ndogo ya pembeni hana kesi kama hiyo.

Nitawapa haki watu wa jenereta ndogo, maana wana hoja. Zile jenereta za Honda zenye kilo ishirini na moja, zinazotoa wati 1,800 mfululizo, ni kama dola elfu moja na mia kidogo. Zina sauti ndogo. Unaiacha pale, gari linakwenda mjini. Mtu ambaye ana pikapu yake ya petroli iliyokwisha kulipiwa, halafu anashawishiwa aingie mkopo mpya wa miaka sita ili apate soketi, huyo anaibiwa mchana. Sina la kumficha. Lakini kama pikapu utanunua tu, basi ile nyongeza ya soketi ndiyo pesa yenye akili kuliko zote kwenye karatasi ya bei, kuliko rimu, kuliko spika kumi na nane.

Sasa turudi kwenye kuvuta, maana mshikaji wa Dallas alinibishia. Anasema haibridi si inapunguza mafuta? Inapunguza, ukiwa huvuti. Gari la Kaka la magurudumu manne lilipimwa na serikali ya Marekani kwa maili 24 kwa galoni, kama kilomita kumi kwa lita. Tulipofunga tela tulipata kilomita nne kwa lita. Nne! Haibridi inapata faida yake kwenye kusimama na kuondoka, unapofunga breki inavuna umeme, unapoondoka inautumia. Foleni ya Ubungo ingeifurahia sana. Barabara kuu haina kusimama. Kazi ni kusukuma hewa kwa ukuta wa mita mbili na nusu kwa tatu, saa sita mfululizo. Ile betri ya kilowati-saa 1.5, ukiiambia mota ivute kwa nguvu zake zote, inakwisha kwa dakika mbili na nusu. Kilima kimoja. Baada ya hapo ni injini ya petroli inapambana peke yake, ikiwa imebeba na betri mgongoni.

Kinachopunguza mafuta ni mguu wako. Ukishuka kutoka maili 75 kwenda 60, upinzani wa hewa unapungua kwa zaidi ya theluthi. Hakuna kiwanda kinachoweza kukuuzia kitu hicho, ndiyo maana hakiko kwenye matangazo. Na matairi mengi ya matela yametengenezwa kwa mwendo wa maili 65, sisi tulikuwa 72, nimeshasema.

Halafu msidhani kila pikapu ya haibridi ina umeme wa kugawa. Toyota Tundra ya haibridi ilipotoka 2022 ilikuwa na nguvu za farasi 437, zaidi ya hii ya Ford, lakini soketi yake ya nyuma ilikuwa ya wati 400. Hiyo ni ya kuchaji laptopu na kunyolea ndevu. Kaulizie wati kabla hujauliza farasi.

Mwezi mmoja kabla sijafika, Julai 2024, kimbunga Beryl kilipita Houston na wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme. Kaka akajiona leo ndiyo leo. Akachomeka gari kwenye saketi ya nyumba kupitia swichi aliyowekewa na fundi, gari likazima umeme papo hapo. Akajaribu tena, likazima. Sababu yake kaja kuielewa baadaye: kwenye nyumba waya wa nyutro na waya wa ethi vimeunganishwa ndani ya boksi kuu, na gari nalo linalinda watu wasipigwe shoti kwa kuangalia umeme unaorudi kwa njia isiyo yake. Likiona vimeungana kule mbele linadhani kuna mtu anapigwa shoti. Tela haina tatizo hilo kwa sababu ndani ya tela nyaya hizo mbili haziunganishwi. Kwa hiyo siku zile za Beryl walipitisha ekstensheni dirishani, friji, feni, na kiyoyozi kidogo cha dirisha kwenye chumba kimoja, na majirani wanne wakaja kuchaji simu. Mzee mmoja jirani mwenye mashine ya kupumulia usiku alilala sebuleni kwao siku tatu. Shemeji anasema tangu hapo huyo mzee anawakatia majani bila kuombwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia pikapu hizi ni mchezo wa matajiri, namkubalia nusu tu.

Najua wapo mtakaouliza kama Kaka anaweza kuileta hapa. Usukani uko kushoto, na umeme wake ni volti 120 wa mzunguko wa 60, friji yako ya volti 230 itakushangaa. Ila habari hii inatukaribia kwa mlango mwingine. Ford Ranger ya haibridi ya kuchomeka inatengenezwa Silverton, Pretoria, inavuta kilo 3,500 na inatoa umeme wa kilowati 6.9. Wachina wa BYD wana Shark yao ambayo wameianza kuuza Afrika Kusini, hiyo inatoa 6.6 lakini inavuta kilo 2,500. Na wale mnaodhani nyumba za kuvuta ni kitu kipya Afrika, mwaka 1959 na 1960 Mmarekani Wally Byam, yule mwenye kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya fedha kutoka Cape Town mpaka Cairo. Walipita Kenya na Ethiopia, kwa barabara ambazo hata leo lori linasali kabla ya kuingia. Pikapu zao hazikuwa na soketi.

Kaka ile tela ya futi 26 aliiuza Novemba ileile, kwa hasara. Akanunua ya futi 19, ikijaa kabisa haizidi kilo 2,000. Safari hii aliipeleka mizani kabla ya kulipa, muuzaji akabaki kumshangaa. Machi 2025 walifika Big Bend, wakalala kambi ya Cottonwood, ambako jenereta haziruhusiwi kabisa, kwa hiyo ile soketi ya dola 750 ilikaa kimya siku nne. Kanitumia picha ya watoto wamekaa mtoni.

Mshikaji wa Dallas naye kanitumia picha jana usiku, kibandiko cha mlango wa gari analolitaka. Ratili 1,296. Kilo 588, watu watano, tela ya futi 28. Chini yake kaandika: "Si nitakuwa naendesha polepole?"

Bado sijamjibu, nasubiri aamke.